Pampu Aliyoipakata Mama

Siku ile ya soda na keki mliponiaga, mliniomba niandike machache juu ya miaka yangu katika karakana ya serikali, na mmoja wenu akaongeza kwamba niandike kwa Kiingereza ili yawekwe kwenye faili. Nimekataa. Faili langu tayari lina vyeo na mishahara, na anayevitaka avifuate huko, mradi avumilie vumbi. Haya ninayaandika kwa Kiswahili, na asiyependa aniletee malalamiko nyumbani. Nina muda sasa.

Sababu ni hii. Mama yangu, Zaituni, ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu. Baba yangu, Ojara, alikuwa Mwacholi, Mkatoliki, dereva wa malori ya jeshi. Walipokutana, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na mimi, Lakot, mtoto wao wa pekee, nikazaliwa katika nyumba za askari Mbuya nikakikuta mezani. Vita vilipokwisha na serikali mpya ikaingia, Kiswahili kikawa lugha ya kuangaliwa vibaya mjini Kampala. Watu walikisikia wakakumbuka bunduki. Mama aliambiwa sokoni Nakawa aseme Kiganda kama anataka nyanya. Akajibu kwa Kiswahili kwamba nyanya hazina kabila, akarudi nyumbani bila nyanya. Tulikula maharage makavu siku ile, na hatukulalamika.

Baba alikuwa wa jeshi lililoshindwa. Alikwenda kujiandikisha kama wengine, akakaa miezi mitatu kwenye kambi ya kuchujwa, akarudi amekonda, bila sare, bila kazi, na sisi tukiwa tumeshatolewa kwenye nyumba ya jeshi. Tulipanga vyumba viwili Bukoto, nyuma ya maduka. Majirani walikuwa wakituangalia kama watu wanaongoja sufuria ichemke. Walitaka kuona askari wa zamani atakuwa mwizi au mlevi.

Akawa mwenye lori. Alilikuta nyuma ya kiwanda kimoja cha kuyeyusha vyuma, kule penye viwanda karibu na Nakawa. Lilikuwa la Kiingereza, la pua ndefu, limezeeka kuliko mimi, na mpapai ulikuwa umeota kupitia sakafu ya kibini hadi ukachungulia dirishani. Mwenye kiwanda alimpa baada ya Baba kumfanyia kazi ya udereva msimu mzima wa mvua. Baba alikata mpapai, akatuletea mapapai, kisha akalivuta lori hadi Bukoto. Miezi minne tulikula tukinusa grisi. Siku lilipounguruma, moshi uliingia nyumba saba. Majirani wakaliita Jaja, yaani bibi, kwa Kiganda chao. Wao walikuwa wanatania, lakini Baba alilichukua jina lile akaliandika kwa rangi nyeupe juu ya kioo.

Tulikuwa pia na pikipiki ya kale yenye kigari cha ubavuni, aliyoachiwa na padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao kufa. Mama alipanda kigari kile siku za Idi, mtandio umefungwa chini ya kidevu, miwani ya vumbi ya Baba usoni, kikapu mapajani. Baba aliendesha amenyoosha mgongo kama yuko kwenye gwaride. Hapo watu wa Bukoto walisahau kwamba walikuwa wanatuogopa.

Nilitaka kusomea ufundi wa injini. Chuo nilichokiomba mjini kiliniambia hakina bweni la wasichana, na hata kingekuwa nalo, injini si jiko. Nilirudi nikilia. Baba alisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Basi tutatafuta chuo chenye akili," akasema.

Alikuwa na rafiki dereva Mwanza. Akanipakia kwenye kigari pamoja na sanduku langu la bati, tukapita Masaka, tukapita Mutukula, tukateremka hadi Bukoba kupanda meli. Kama askari wa zamani, alikuwa haruhusiwi kusafiri bila kuripoti kwa wakubwa wa jeshi jipya. Hakuripoti. Nilisoma Mwanza miaka miwili, na wale mnaonicheka kwamba nazungumza kama redio ya Tanzania, sasa mmejua nilikokitoa Kiswahili hiki.

Nilifika karakanani asubuhi moja na barua ya kuajiriwa mkononi. Mkuu wa karakana wa wakati ule aliisoma, akaniangalia, akanipa ufagio.

"Anza na hapo. Tutaona."

Niliuegemeza ufagio ukutani. Nikamwambia barua yangu imeandikwa fundi.

"Barua haina misuli," akasema, na mafundi wote kumi na wawili wakacheka, isipokuwa mmoja aliyekuwa chini ya tipa, miguu tu ndiyo inaonekana. Miguu ile ikasema:

"Mukubwa, huyo nipe mimi. Mimi nakosa mutu wa mukono mudogo."

Alikuwa Salongo, ndivyo Waganda wamwitavyo baba wa mapacha, Mganda mzee mwenye mgongo uliopinda kwa kukaa chini ya magari. Jina lake lingine sikulijua hadi siku ya kuagwa kwake. Kiswahili chake kiligeuza gari kuwa gali na barabara kuwa balabala, na mimi niliyetoka Mwanza na sarufi yangu mpya nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwa wenye sarufi. Alinikataza kutia bolti mfukoni. Kila bolti iliyotoka ilipangwa juu ya gazeti kuukuu, kwa mfuatano uleule ilivyotoka, na gazeti likikunjwa na upepo, nilianza upya. Alinikataza pia kumwambia mtu kwamba gari limepona kabla halijapanda mlima. "Hapa kwa kiwanja, kila gali ni muzima," alikuwa akisema.

Karakana haikuwa na choo cha wanawake. Niliomba kwa mdomo, kisha kwa barua, kisha nikachoka. Jumamosi moja nikachukua kopo la rangi nikaandika WANAWAKE kwenye mlango mmoja kati ya miwili iliyokuwepo. Jumatatu wanaume walisimama mbele ya mlango ule kama ng'ombe mbele ya daraja jipya. Hakuna aliyeniuliza. Neno lile lipo hadi leo, na najua mlidhani ni serikali iliyoliandika.

Gari lililonipa jina lilikuwa lori la kubeba kokoto, lililozimika kila siku mahali pamoja, katikati ya mlima wa Mbuya. Lilikuwa linapanda vizuri, linakohoa, linakufa. Dereva akingoja robo saa linawaka tena kana kwamba halijafanya kosa. Mafundi walibadilisha chujio, wakabadilisha nozo za kunyunyizia dizeli, wakabadilisha hata dereva. Siku ya nne Salongo akaniambia, "Nyabo," yaani bibie, "enda nayo wewe."

Nilipanda nalo. Lilipozimika pale pale sikufungua boneti. Nilishuka nikaenda kwenye tangi, nikafungua kifuniko. Likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyetolewa majini. Nikamwambia dereva awashe. Likawaka papo hapo. Mtu alikuwa amepoteza kifuniko cha asili akaweka kingine kisicho na tundu la hewa. Dizeli ilikuwa inatoka, hewa haiingii, tangi linajinyonga lenyewe.

Mkuu wa karakana aliuliza nilijuaje. Nilimwambia ukweli. Baba aliwahi kuziba tangi la Jaja kwa gunzi la muhindi, akalipigilia kwa nyundo, na tulikaa njiani Luwero tangu asubuhi hadi alasiri mimi na yeye tukitafuta ugonjwa ambao tumeutengeneza wenyewe. Mkuu hakucheka. Nadhani hakupenda kwamba jibu limetoka kwenye gunzi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia vibaya. Imesimuliwa kwamba nilitoroka kazini kwenda kufanya magendo Zaire. Nitalieleza lilivyokuwa.

Baba alikuwa akipeleka chumvi na sabuni ng'ambo ya mpaka, njia ya Kasindi kuelekea Beni, na kurudi na maharage na mbao. Karatasi zake alikuwa nazo. Alipenda njia ile kwa sababu madereva wengine waliiogopa. Mama alikuwa akimwambia kwamba hofu nayo ni akili, na Baba alimjibu kwamba akili anayo yeye inatosha nyumba nzima.

Siku moja Mama Furaha, Mkongomani aliyeuza vitenge karibu na soko la Nakawa, akaja karakanani moja kwa moja kutoka safari, vumbi la njia bado miguuni.

"Lakot, papa yako iko kule na lori yake, imekufa," akasema. "Yeye iko na homa, lakini hataki kutoka. Mukubwa moja wa pale alisema, lori ikikala juma moja haitembei, anaikamata. Siku mbili zimeisha katika njia."

Akanipa kipande cha boksi la sabuni kilichoandikwa kwa penseli, herufi za Baba zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Shafti ya pampu ya dizeli imekatika. Nina homa. Leteni pampu ya zamani iliyo chini ya kitanda. Asije mtu wa kuniambia niache lori.

Pampu ya chini ya kitanda ilikuwa imechakaa. Salongo na mimi tulikaa nayo siku mbili, saa za chakula na baada ya kazi, tukiirudishia uhai kwa vipuri tulivyovitoa kwenye pampu nyingine zilizokwisha kufa. Mtu wa kuipeleka ilibidi awe fundi, maana pampu ya dizeli haiwekwi kama jiwe juu ya jiwe. Lazima ipangwe taimingi, imwage mafuta wakati uleule injini inapoyataka, la sivyo injini inapiga teke au inakaa kimya. Na Baba alikuwa anatetemeka kwa homa.

Niliomba likizo ya siku saba. Mkuu wa karakana hakuinua macho.

"Wewe ni mtumishi wa umma. Baba yako ni mtu wa magendo, tena wa jeshi lile. Ukiondoka, usirudi."

"Nitarudi," nikamwambia. "Barua ya kunifukuza uiandike vizuri, niisome nikirudi."

Sikuwa jasiri.  Salongo alinisindikiza hadi getini, akatazama barabara badala ya kunitazama mimi.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Hata hiyo pampu sijaona. Lakini kama ungeniuliza, ningesema kaza ile nati ya nyuma mala mbili."

Basi la Kasese lilikuwa limeondoka jana yake, na jingine lilikuwa la juma lijalo. Ilibaki pikipiki. Alfajiri nilipoitoa uani nilimkuta Mama ameshakaa ndani ya kigari, miwani usoni, pampu imefungwa kwenye leso mapajani mwake kama mtoto mchanga.

"Mama, shuka."

"Pampu ikiruka shimoni utaidaka na nini? Na meno?" akasema. "Washa, jua linatoka."

Tulipita Mubende, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mbele kidogo tukasimamishwa na kizuizi cha barabarani. Kijana wa jeshi alisoma kitambulisho changu polepole.

"Lakot. Mucholi."

"Ndiyo."

"Unaenda mpakani kufanya nini? Na huyu mama amebeba nini kwa hiyo kitambaa? Fungua."

Mama akafungua. Anayeijua pampu ya dizeli anajua inavyoonekana kwa asiyeijua: chuma kizito chenye vichwa sita. Kijana alirudi nyuma hatua mbili, akaita wenzake, bunduki zikanyooka. Nilinyoosha mikono juu. Mama hakunyoosha. Alisema kwa Kiswahili cha kambini, kile cha mke wa askari aliyelea watoto wa askari wote wa mstari mzima wa nyumba:

"Huu ni moyo wa lori la mume wangu. Mkitaka kuushika, naweni mikono kwanza, maana mchanga ukiingia humo mtanitengenezea nyinyi. Na hiyo bunduki mwanangu, kufuli yake ya usalama hujaifunga. Nani alikufundisha?"

Kijana aliangalia bunduki yake. Alikuwa kweli hajaifunga. Mkubwa wao, mtu wa makamo, alianza kucheka kwanza polepole, kisha akashindwa kujizuia. Akamuuliza Mama alikuwa kambi gani. Mama akamtajia Mbuya bila kuficha lolote, na akamwambia mumewe alikuwa upande gani.  Kisha yule mkubwa akasema, "Pita, mama. Mwambie mzee atengeneze gari," na gogo likainuliwa. Baada ya maili tatu nilisimamisha pikipiki ili nitapike. Mama alinishikia kichwa, pampu chini ya kwapa.

Tulilala misheni Fort Portal, kesho yake tukavuka mpaka Kasindi, na jioni, jua likiwa bado juu ya milima, tukafika alipokwama Baba. Kilikuwa kituo kidogo cha biashara, maduka mawili ya safu na barabara inayoteremka kuelekea kinamasi. Jaja lilikuwa juu ya mteremko ule. Pembeni yake, kwenye kiti cha chuma, alikaa Baba ndani ya koti zito, macho mekundu, na usukani wa lori umening'inia shingoni kama shada la maua. Alikuwa ameung'oa siku ile ile alipotishwa. Alikula nao, alikwenda nao chooni, alisali nao. Bila usukani, lori lisingevutwa na mtu yeyote.

"Umekuja na nini?" akaniuliza.

"Na pampu. Na Mama."

Akamtazama Mama akishuka kwenye kigari, vumbi tupu, akipangusa miwani kwa leso.

"Pampu niliitegemea," akasema. Mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamwambia ananuka kama beberu, akaenda kutafuta maji ya moto na dawa.

Kesho yake ilikuwa siku ya saba. Nilianza kukipambazuka. Nilitoa pampu iliyokufa, nikasafisha kiti chake, nikazungusha injini kwa mkono hadi alama ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ikasimama sawasawa na mshale, nikaweka pampu ya Mama, nikakaza nati ya nyuma mara mbili. Nikatoa hewa kwenye mirija yote, mmoja mmoja, hadi dizeli ikatoka bila povu. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Kulikuwa na njia moja tu ya kuliwasha, nayo ni kuteremka. Mteremko nao ulikuwa mmoja. Likifika chini kwenye kinamasi bila kuwaka, hakuna ng'ombe wala mtu wa kulirudisha juu.

Saa tano na nusu yule mkubwa wa pale, aliyetishia kulikamata lori, akaja na askari wanne na karatasi. Mtu mnene, mstaarabu, aliyevaa saa kubwa.

"Muda ni saa sita," akasema. "Kwani fundi ni nani?"

"Ni mimi."

"Mwanamke?" Akawageukia askari wake wacheke, nao wakacheka kama walivyolipwa.

Nikamgeukia Baba. "Nipe usukani."

Alisita. Lori lile hakuwa amemwachia mtu tangu mpapai ulipokatwa. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Kisha akautoa shingoni.

"Wewe ndiye umepanga taimingi," akasema. "Likikataa, likukatae wewe."

Niliufunga, nikapanda. Wanawake wa soko waliacha mihogo yao wakaja kusukuma, na Mama alikuwa nyuma yao akihesabu kwa sauti ya mtu anayeamrisha jeshi. Jaja likasogea. Likashika mwendo. Nikaweka gea ya pili, nikaachia klachi. Likatikisika lote, moshi mweupe ukatoka, likanyamaza. Nikakanyaga tena klachi, nikaliacha liteleze. Niliona majani ya kinamasi yanakuja, niliona hata ndege mweupe mmoja amesimama juu yake. Nikaachia klachi mara ya pili. Likakohoa. Likapiga moja. Likapiga mbili. Kisha mitungi yote sita ya injini ikashika kwa pamoja, na moshi mweusi ukafunika kila kitu, na nilikanyaga breki nikilia na kutukana kwa Kinubi, lugha ambayo Mama alidhani sikuijua.

Lilisimama hatua tano kutoka kwenye matope. Sikulizima. Niligeuza pale chini, nikapanda nalo mteremko mzima kwa gea ya kwanza, nikalisimamisha mbele ya miguu ya yule mkubwa, pua ya lori karibu na vifungo vya shati lake.

"Saa yako inasema nini?" nikamuuliza.

Hakuiangalia. Alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akaondoka. Wanawake walipiga vigelegele hadi akapotea nyuma ya maduka. Tulipakia pikipiki juu ya lori, tukamlaza Baba kati yetu, na nikaendesha mimi hadi Bukoto. Njia nzima Baba aliamka mara kwa mara kunisahihisha gea.

Niliporudi karakanani barua ilikuwa tayari. Haikuwa ya kufukuzwa, maana Salongo na mafundi wengine sita, wale wale waliocheka ufagio, walikwenda ofisini wakasema nikiondoka wanaondoka. Sikuwaomba. Nilipelekwa nyuma, kwenye uwanja wa magari yaliyokufa tuliouita makaburini, nikae huko niorodheshe vyuma. Ilikusudiwa niaibike. Niliorodhesha kwa juma moja. Halafu nikaanza kufungua boneti. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, magari sita yalikuwa yametoka makaburini kwa miguu yao, na mkuu wa karakana akawa anawaonyesha wageni mpango wake wa kufufua magari. Nilimwacha aseme. Magari yenyewe yalijua.

Miaka iliyofuata mnaijua, wengi wenu mlikuwepo mkinilalamikia kelele zangu. Nimebakiza safari moja ambayo haimo kwenye faili.

Baba alikufa kitandani kwake Bukoto, mchana, akisikiliza redio. Wakati ule vita vya kaskazini vilikuwa vimepamba moto, na kwao, upande wa Kitgum, watu walikuwa wamehamishiwa makambini. Niliwaendea wenye magari ya kubeba maiti, wote wakakataa. Ndugu wa mjini walikuja matangani wakashauri azikwe hapa hapa Kampala, kwenye makaburi ya jiji, na mmoja akasema marehemu haoni tofauti.

"Mimi naona," Mama akasema.

Hapakuwa na mjadala zaidi. Nilitia mafuta mapya kwenye Jaja, nikakaza kila kinachokazika, tukampakia. Karuma, kwenye daraja, magari yalikuwa yanangoja msafara wa kulindwa na askari. Ofisa aliyekuwa zamu alilizunguka lori mara mbili.

"Nyabo, hii haiwezi. Ikizimika katikati, itatuua wote."

"Ikizimika, piteni mtuache," nikamwambia. "Tutakuwa watatu. Mmoja hana haraka."

Akaangalia jeneza, akatuweka mkiani mwa msafara. Tulikwenda hivyo, kijiji baada ya kijiji kitupu, paa zimeingia ndani, nyasi ndefu kuliko kioo cha lori.  Mkono mmoja wa Mama ulikuwa umepita dirisha la nyuma, umekaa juu ya ubao wa jeneza.

Watu wa kwao walikuwa wamepewa ruhusa ya saa chache kutoka kambini waje wamzike. Kaburi lilikuwa limechimbwa ndani ya kiwanja cha nyumba yao, nyuma ya maghala mawili ya nafaka yaliyobaki yamesimama, na kati yake nafasi ilikuwa nyembamba, lori lipite likiguswa masikio yote mawili. Baba mdogo, ndugu yake wa mwisho, akaja dirishani, akanyoosha mkono.

"Leta ufunguo, binti yangu. Hapa kunataka mwanaume arudishe lori nyuma."

Mama alishuka upande wake bila kumjibu, akaenda akasimama nyuma kabisa, kati ya maghala, mtandio umefungwa chini ya kidevu. Nikatia gea ya kurudi nyuma. Sikugusa ghala la kushoto, sikugusa la kulia. Nilisikia kiganja cha Mama kikigonga bodi, njoo, njoo, njoo, kisha kikagonga mara mbili kwa nguvu: basi.

Nikazima injini. Nikashuka, nikapita mbele ya Baba mdogo, nikalishika jeneza upande wa kichwa.